Aliyekaa Kiti cha Kushoto

Mkanda ulikuwa umefungwa, na kitini hakuna mtu.

Hilo ndilo Bulhan aliloliona kwanza alipochungulia ndani ya ile gari, na angekuwa na akili hata ya kuku mgonjwa angegeuza akarudi nyumbani kunywa chai. Lakini mtu anayetafuta gari kwa hela ya kubanabana, macho yake huona taa na matairi tu. Bulhan alishaizunguka Hargeisa yote mpaka mbuzi wa mjini wakawa wanamwitikia salamu. Aliona gari iliyooza sakafu, ukikanyaga breki kiatu kinagusa lami. Aliona gari iliyotolewa baharini ikapigwa rangi, ukivuta droo unakuta kaa mzima amejilalia na familia yake. Kuna moja ilikuwa inatoa moshi mzito kiasi kwamba mtaa mzima walidhani ni magharibi, wakaanza kutawadha.

Na gari aliihitaji kweli, si ya kuringia. Mkewe Idil anauza maziwa ya ngamia sokoni, na maziwa yalikuwa yanakuja kwa lori la watu, toka kwa wafugaji wa huko barabara ya Berbera. Lori linasimama kila penye kivuli. Maziwa yanafika jua limeshayapiga, yameganda, yananuka, na wateja wanapita mbele ya meza ya Idil wanaangalia juu kama wanahesabu ndege. Basi Idil akavua bangili zake za dhahabu, zile za harusi, akaenda kuziuza, akamwekea mumewe hela mkononi.

"Bulhan, hii ndiyo ya mwisho. Ukiniletea jeneza lenye matairi nafunga meza, halafu wanao utawanyonyesha wewe."

"Mke wangu, nitakuletea gari ambayo hata malaika wataomba lifti."

Ndio maana siku hiyo hakwenda peke yake. Alikwenda na fundi wake, Guled Masikio. Jina la Masikio alipewa kwa sababu mbili: ya kwanza mnaiona wenyewe akigeuka upande, ya pili anajisifu kwamba akilala Hargeisa anasikia nati inalegea Addis Ababa. Guled akaingia kazini. Akalala chini, akagonga, akanusa, akachovya kidole kwenye oili akaonja kama mama mkwe anayeonja mchuzi wa bi harusi. Akafunga kitambaa cheupe kwenye ekzosi, akawasha injini ikiwa bado ya baridi. Kitambaa kikabaki cheupe kama meno ya mtoto.

"Bulhan," akamnong'oneza, "hii gari haina ugonjwa. Mimi na wewe tutakufa, hii itatuzika."

Mwenye gari alikuwa mzee mmoja anaitwa Rooble. Watu walimwita Bubu, si kwamba hawezi kusema, ila maneno yake ni machache utadhani anayanunua dukani.

"Ami, mbona rahisi hivi?" Bulhan akauliza.

"Nimezeeka."

Guled akaingiza mkono dirishani, akakigusa kile kiti cha kushoto. Akautoa haraka. Gari ilikuwa imelala kivulini kwenye ukuta, asubuhi ya baridi ile yetu ya kufanya meno yagongane, na usukani ulikuwa baridi kama pua ya mbwa.

"Kiti kina joto," akasema.

"Kuna paka hulala hapo," Rooble akajibu.

"Na mkanda paka kaufunga mwenyewe?"

"Mkanda uacheni hivyohivyo."

Guled akacheka, maana Guled anacheka hata msibani. Kitu kimoja tu kilimsumbua: kiti cha dereva kilikuwa kimechakaa mpaka sponji inachungulia, na cha kushoto kilikuwa kipya, kama hakijawahi kubeba mwenye matako. Bulhan akaona hiyo nayo ni faida. Wakalipa. Wakiwa wanaondoka mzee Rooble akashika dirisha, akasema maneno mengi kuliko aliyosema mwaka mzima.

"Kijana. Ukiwa peke yako humu ndani, usiulize kitu."

"Nimuulize nani, ami, na niko peke yangu?"

Mzee alikwenda ndani, akafunga mlango, na wakasikia komeo.

Sasa kwetu, kama ulikuwa hujui, gari zinapita kulia mwa barabara na usukani nao uko kulia, maana tunanunua zile walizochoka nazo wa nchi za mbali. Kwa hiyo dereva anakaa upande wa mtaroni. Mbele akitokea lori, haoni kitu ila tako la lori. Jicho lake ni yule wa kiti cha kushoto. Dereva anauliza, "Iko wazi?" Wa kushoto anatoa shingo, anaangalia, anasema "Subiri" au anasema "Pita." Ukishapita unamwombea heri. Watoto wetu wanajua kusema "Iko wazi?" kabla hawajajua kusema "mama".

Bulhan akatoka asubuhi ya kwanza kwenda kwa wafugaji, peke yake, anaimba. Alipovuka korongo moja kavu linalokata barabara, akakutana na lori la kontena linapanda mlima polepole kama mjamzito wa mapacha. Akalifuata. Moshi ukamjaa. Na mdomo, kwa mazoea tu, kama mkono unaojikuna wenyewe, ukasema:

"Iko wazi?"

"Iko wazi. Pita."

Akakata usukani, akakanyaga mafuta, akapita.

"Mungu akulipe, ndugu yangu," akasema.

Alikuwa ameshaliacha lori mbali ndipo jasho lilipoanza kumtoka mgongoni. Akageuza shingo pole pole. Kiti kitupu. Mkanda umefungwa. Na ndani ya gari, katika nchi ambayo haikuona mvua tangu mwezi ule mwingine, kulikuwa na harufu ya udongo uliolowa.

Mtu mwingine angeruka dirishani. Bulhan akajiambia ni redio. Gari haikuwa na redio.

Akafika, akapakia madumu, akarudi, na njiani yakawa malori mengine, na sauti ikawa inamwambia hata kabla hajauliza. Pita. Subiri. Pita sasa. Sauti ya chini, ya mtu mstaarabu, haijapanda hata mara moja. Alifika sokoni maziwa bado yana povu. Wateja wakarudi. Wiki ile hakuna gari ya maziwa iliyoingia Hargeisa mbele ya Bulhan, na akaanza kutamba kibandani kwa watafuna mirungi, anasema ana macho yanayopenya kontena. Watu wakasema labda. Mirungi ikikolea kila kitu kinawezekana.

Lakini mambo madogo yakaanza kuongezeka. Kila asubuhi kabla hajafungua mlango wake anasikia *klik* ndani, mkanda unafungwa, kama abiria aliyewahi. Siku moja alikosa nafasi nyuma, akaweka dumu moja kwenye kile kiti. Alipofika, maziwa ya lile dumu yalikuwa meusi, mazito, na juu yake unywele mmoja mrefu kama kamba ya ndoo. Akamwaga mtaroni. Mbwa wakaja kunusa, wakaondoka wanarudi kinyumenyume. Toka siku hiyo akaacha kuimba. Akaacha kula vizuri. Akawa anaendesha na bega la kulia limegandana na mlango, na shingo haigeuki kushoto hata akiitwa kwa jina la baba yake.

Idil akaona. Mwanamke anayeuza maziwa anajua kitu kilichochanganywa maji.

"Bulhan, kwa nini sijawahi kupanda hii gari?"

"Utachoka bure."

"Nichoke vipi na dhahabu yangu ndiyo inaiendesha?" Akafungua mlango wa kushoto, akaweka kiganja kitini. Akageuka taratibu. "Kuna mtu ametoka hapa sasa hivi."

"Paka..."

"Paka gani anafunga mkanda? Tena umebanwa, mwembamba huyo, kiuno kama sindano. Umeoa, Bulhan? Niambie tu jina lake nimpelekee pole."

"Wallahi sijaoa!"

"Basi kesho nakwenda na wewe, na nakaa hapahapa. Huyo kiuno cha sindano atakaa kwenye boneti."

Bulhan angesema ukweli, lakini ukweli wenyewe ulikuwa mbaya kuliko mke wa pili. Alisema sawa.

Asubuhi Idil akaufungua ule mkanda, akakaa, akajifunga yeye. Gari ikawaka vizuri. Wakatoka mjini, na Bulhan akamshukuru Mungu kwa sababu hakusikia sauti yoyote, hata harufu hakuna. Idil tu alikuwa anajisogezasogeza.

"Hiki kiti kina nini? Naona kama nimekaa juu ya magoti ya mtu."

"Usiseme hivyo."

"Magoti yenyewe ya baridi." Akavuta shuka lake. "Jana kilikuwa cha moto. Bulhan, kuna kitu kinanipumulia kisogoni."

Wakavuka korongo kavu. Mbele wakakutana na lori. Bulhan akabana midomo, hakuuliza, akasema moyoni nitalifuata hili lori mpaka Berbera, mpaka baharini, mpaka lizeeke, lakini siulizi. Hapo sauti ya Idil ikasema, "Pita."

Akaanza kukata usukani.

"Subiri!" ikasema sauti ya Idil.

Akarudisha.

"Pita, iko wazi," ikasema sauti ya Idil, ileile, yenye ule mkwaruzo wa kuitia wateja.

"Sijasema mimi! Bulhan, sijasema mimi hilo, subiri, kuna gari inakuja!"

"Haji mtu, pita, mume wangu, unanichelewesha, maziwa yanaharibika, pita," na sauti zote mbili zilikuwa zinatoka kiti kimoja, moja juu ya nyingine, moja inalia na moja imetulia, na Bulhan akawa haangalii tena barabara wala lori wala mtaro bali anasikiliza tu kama mtu anayetafuta mtoto wake kwenye giza lililojaa watoto, na harufu ya udongo uliolowa ikajaa gari nzima mpaka kooni, na mikono yake, iliyozoea wiki hizo kuitii ile sauti ya utulivu, ikaanza yenyewe kukata usukani kushoto, kidogo, tena kidogo, pua ya gari ikatoka nyuma ya lori, na pale ndipo kofi lilipotua shavuni mwake, kofi la mwanamke anayenyanyua madumu toka utotoni, kofi ambalo nakuambia lilisikika Djibouti na wakatuma salamu za pole.

Akarudi nyuma ya lori. Lori jingine likapita upande wa pili kwa kishindo, kioo cha pembeni cha gari yao kikaenda nalo.

Jini linaweza kuiba sauti. Kofi la mke haliibiki.

Wakasimama mtaroni. "Shuka," Bulhan akasema. Idil akabonyeza kifungo cha mkanda. Hakikufunguka. Akabonyeza tena, na mkanda ukaanza kujivuta, taratibu, kama mtu anayekusanya kamba ya mnyama wake, ukapanda kifuani, ukafika shingoni.

"Hiki," ikasema ile sauti ya chini, ya kistaarabu, "ni changu."

Bulhan akatoa kisu chake cha kukatia kamba za madumu, akaukata ule mkanda akiwa anasoma kila aya aliyoijua, na nyingine alizichanganya. Idil akaangukia nje kwenye vumbi, ana alama nyekundu shingoni. Alipopata pumzi, neno lake la kwanza lilikuwa:

"Afadhali ungeoa."

Gari kuiuza? Wamuuzie nani shetani yule, na dhahabu imekwisha, na bila gari hakuna meza? Wakaiacha palepale, na jioni wakamleta Bibi Ardo, mkongwe wa mtaa wao, anayejua kusema na wale wasioonekana. Alikuja na chetezo na ubani, akakaa kiti cha nyuma, hakugusa cha mbele. Moshi ukajaa.

"Wewe uliyeketi," Bibi Ardo akasema kwa upole, "nani alikukaribisha?"

Springi za kile kiti zikalia, kama mtu anageuka kumwangalia.

"Mzee aliniuliza, nikamjibu, akaniombea heri. Huyu naye aliniuliza, nikamjibu, akaniombea heri."

Bibi Ardo akamgeukia Bulhan aliyekuwa amesimama nje. "Wewe bwege. Umemuuliza njia, kakuonyesha, ukamshukuru. Huyu si mwizi. Huyu ni mgeni wako."

"Mfukuze, bibi yangu, nakuomba."

"Mgeni anafukuzwa tangu lini? Ukoo gani umekuzaa? Mgeni anasindikizwa."

Ndivyo walivyofanya. Bulhan akafungua nati za kile kiti kwa mikono yake, wakakibeba mpaka kwenye korongo kavu, wakakiweka ukingoni kimeangalia barabara. Idil akamimina maziwa ya jioni kwenye bakuli, akaliweka mbele yake. Bulhan akasema maneno aliyofundishwa: umetutazamia njia, umekula kwetu, nenda kwa amani na sisi tuache kwa amani. Upepo hakuna, lakini maziwa kwenye bakuli yakatikisika.

"Msiangalie nyuma," Bibi Ardo akasema. "Na katika ile gari lile neno la kuulizia njia msiliulize tena kiti kitupu. Na anayekitaka kile kiti, mwacheni yeye na bahati yake."

Zikaja siku nzuri. Gari ikawa inakwenda na shimo upande wa kushoto, Idil anakaa nyuma kwenye madumu, ametoa kichwa dirishani kama mbuzi wa mnada, anapiga kelele "Subiri!" na "Pita!" na kila neno analisindikiza na kofi la begani ili mumewe ajue ni yeye. Bega likavimba, lakini Bulhan alinenepa. Maziwa yalifika mapema. Idil akaanza kuzungumzia bangili.

Sasa, Guled Masikio alikuwa hajaambiwa kitu. Wangemwambia vipi? Mdomo wake ni redio ya taifa. Aliambiwa tu kiti kiliharibika. Na Guled, kwa sababu ndiye aliyesema gari haina ugonjwa, lile shimo likawa linamuuma kama jino.

Asubuhi moja Bulhan na Idil walitoka nje wakamkuta ameshafika, shavu limetuna mirungi, spana mkononi, anatabasamu kuanzia sikio hili mpaka lile, na huo ni mwendo mrefu. Mlango wa kushoto wa gari ulikuwa wazi. Ndani pamekaa kiti, kimevishwa kitambaa kipya chekundu.

"Zawadi!" akasema. "Msinilipe. Mimi na nyie ni ndugu."

Idil akasimama. "Umekitoa wapi, Guled?"

"Shemeji, watu wana mali nchi hii! Jana natoka Berbera na gari ya mteja, nakuta kiti kizima, kipya, wamekitupa kwenye korongo. Eti na bakuli mbele yake, limelambwa mpaka linang'aa. Nikasema hiki Mungu kakileta kwa Bulhan. Mkanda ulikuwa umekatwa, nikaushona mwenyewe."

Bulhan akarudi nyuma hatua moja.

"Halafu, shemeji," Guled akaendelea huku anakaza nati ya mwisho, "jana ulikuwa barabarani? Maana nilikiweka kile kiti pembeni yangu, nikakuta malori, nikawa naropoka tu mwenyewe kama dereva yeyote, 'Iko wazi?' Wallahi nilisikia sauti yako kabisa. 'Pita.' Nikapita. Nikacheka peke yangu, nikasema Mungu akulipe, shemeji."

Jogoo wa jirani aliyekuwa anawika akanyamaza katikati.

Harufu ya udongo uliolowa ikawapitia. Idil alimshika mumewe mkono, akaubana mpaka kucha zikaingia.

"Mbona mmesimama kama nguzo za umeme?" Guled akapiga kile kitambaa chekundu kuondoa vumbi, akautoa mkono haraka, akauangalia. "Eh. Jua lenyewe hata halijatoka." Akasogea pembeni, akainama kwa madaha kama mtumishi wa sultani. "Haya, shemeji. Karibu ukae."

*Klik.*

Idil alikuwa bado amebana midomo yake, mkono wa mumewe mkononi, ndipo sauti yake ilipojibu toka ndani ya gari:

"Nimeshakaa."